Seva lango ya kutafutia watu kwenye saraka: ijue kidogo, ijibu kidogo

Swali

Ndugu mtaalamu, habari za kazi. Nasimamia mifumo ya chuo chenye kampasi mbili. Wafanyakazi wako kwenye Active Directory, na wanafunzi wako kwenye seva ya OpenLDAP iliyowekwa na waliotutangulia. Uongozi unataka yeyote aliyemo chuoni aweze kutafuta kwa kivinjari barua pepe na simu ya ofisi ya mwenzake, na printa zetu zenye skana nazo ziweze kuvuta anwani za barua pepe zenyewe. Sitaki kuzifungulia mashine zote hizo njia ya moja kwa moja hadi kwenye seva za saraka. Nimesikia naweza kuweka seva lango katikati. Nianzie wapi, na niogope nini?

Jibu

Ndugu yangu, wazo la kuweka seva katikati ni sahihi, na ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. LDAP yenyewe, itifaki ya kuulizia saraka, ilizaliwa ikiwa lango. Saraka za X.500 za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilizungumza itifaki nzito iitwayo DAP, iliyohitaji mrundikano mzima wa itifaki za OSI, mzigo ambao kompyuta ndogo za mezani za wakati huo hazikuuweza. Pale Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, Tim Howes na wenzake wakaweka seva katikati: upande mmoja ilipokea maswali mepesi juu ya TCP/IP, upande wa pili iliyatafsiri kuwa DAP. Waraka wa kwanza wa itifaki hiyo, RFC 1487, ulitoka Julai 1993. Baadaye ndipo ikaja slapd, seva iliyoweza kutunza data yake bila X.500 nyuma yake, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa OpenLDAP.

Lango la Michigan lilikusudiwa kupitisha kila kitu. Lako lisifanye hivyo. Kazi yako si kuunganisha pande mbili tu. Hiyo inakamilika kwa mistari isiyozidi thelathini ya mipangilio. Kazi kubwa ni kuhakikisha lango halijui, wala haliwezi kuuliza, chochote zaidi ya kile ulichokubali kijulikane na kila mtu. Wengi huishia kwenye nusu ya jambo hili: wanaficha majibu, wanaacha maswali wazi. Nitafika hapo.

Kwanza tambua nani anauliza

Una wateja wa aina mbili, na hawazungumzi lugha moja. Printa, simu za mezani za IP na programu za barua pepe kama Thunderbird huzungumza LDAP moja kwa moja. Unaziandikia anwani ya seva, mzizi wa kutafutia na pengine nywila, basi. Kivinjari hakijui LDAP, kinahitaji ukurasa wa wavuti unaopokea jina, unaunda swali la LDAP, na unarudisha orodha.

Wapo wanaojenga vitu viwili tofauti: ukurasa wa wavuti unaokwenda kwenye Active Directory kwa akaunti yake, na proksi ya printa, yaani seva ya kati inayouliza kwa niaba ya printa, inayokwenda kwa akaunti nyingine. Sikushauri. Jenga proksi moja ya LDAP, kisha ukurasa wa wavuti uwe mteja wa proksi hiyo kupitia 127.0.0.1 kwenye mashine ileile. Hapo sheria za nani aone nini zinaandikwa mahali pamoja, na atakayeandika upya ukurasa miaka ijayo hataweza kuzivuka kwa bahati mbaya.

Kwenye fayawoli, ni anwani ya lango peke yake inayoruhusiwa kufika kwenye seva za saraka, tena kwa bandari 636 tu, ile ya LDAP iliyosimbwa. Mashine nyingine za watumiaji zisiguse 636 wala 389 (ya LDAP isiyosimbwa) za seva ya wanafunzi. Kompyuta zilizojiunga na kikoa cha Windows zina mahitaji yake kwa Active Directory, hizo usiziguse. Ninazungumzia printa, simu na vifaa vya wageni.

Orodha ya sifa kabla ya mipangilio

Kabla hujafungua kihariri, kaa na idara ya utumishi na ofisi ya wanafunzi mwandike sifa zitakazoonekana. Kwa mfanyakazi: jina kamili, jina la kwanza, jina la ukoo, barua pepe ya kazi, simu ya ofisi, idara. Kwa mwanafunzi mimi ningeishia kwenye jina na barua pepe ya chuo. Simu ya mkononi isiwemo kwa yeyote, hata kama iko kwenye saraka na hata kama mkuu fulani ataiomba. Kama uko Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 yenye msimamo huohuo. Mwanafunzi aliyeandika namba yake kwenye fomu ya udahili hakuitoa ili printa ya maktaba iijue.

Orodha hiyo ikisainiwa, itakuokoa kwenye mabishano mengi.

Mipangilio yenyewe

Nachukulia unatumia Linux na OpenLDAP toleo la 2.5 au 2.6. Kwenye Debian kifurushi cha slapd kinakuja na moduli unazohitaji. Kwa kuwa una saraka mbili, tumia moduli ya back_meta, ambayo inaziweka chini ya mzizi mmoja wa kubuni na kupeleka kila swali kunakohusika. Ungekuwa na saraka moja, back_ldap ingetosha. Nauandika mfano kwa mtindo wa zamani wa slapd.conf kwa sababu unasomeka vizuri; amri ya slaptest yenye -f na -F itaugeuza kuwa mtindo wa sasa wa cn=config.

```
moduleload back_ldap
moduleload back_meta

database   meta
suffix     "dc=lango,dc=example,dc=org"
readonly   on
onerr      report
sizelimit  40
timelimit  10
network-timeout 3
chase-referrals no

access to attrs=entry,objectClass,cn,sn,givenName,mail,telephoneNumber,departmentNumber
    by peername.ip=127.0.0.1 read
    by peername.ip=10.20.0.0%255.255.0.0 read
    by * none
access to * by * none

uri "ldaps://ad1.ofisi.example.org/ou=wafanyakazi,dc=lango,dc=example,dc=org"
    "ldaps://ad2.ofisi.example.org/"
suffixmassage "ou=wafanyakazi,dc=lango,dc=example,dc=org"
    "ou=Wafanyakazi,dc=ofisi,dc=example,dc=org"
idassert-bind bindmethod=simple
    binddn="cn=svc-lango,ou=Huduma,dc=ofisi,dc=example,dc=org"
    credentials="NYWILA" mode=none
    tls_cacert=/etc/ssl/chuo-ca.pem tls_reqcert=demand
idassert-authzFrom "*"
map objectclass inetOrgPerson user
map attribute cn *
map attribute sn *
map attribute givenName *
map attribute mail *
map attribute telephoneNumber *
map attribute departmentNumber department
map attribute *
```

Baada ya hapo unaandika sehemu ya pili inayofanana, kwa ajili ya seva ya wanafunzi, ikiwa na uri yake, suffixmassage yake (inayogeuza mzizi wa lango kuwa mzizi wa seva ya nyuma) na orodha fupi zaidi ya sifa. Faili hili lina nywila, kwa hiyo lisomwe na mtumiaji wa slapd peke yake.

Mistari michache inahitaji maelezo. Ule wa onerr report umewekwa makusudi. Usipoandika chochote, back_meta hutumia continue: saraka moja ikizimika, lango linarudisha majibu ya ile nyingine na kunyamaza kana kwamba mambo yote ni shwari. Mtu atatafuta mhadhiri, asimpate, na aamini kwamba hayupo chuoni. Kwa report, majibu yaliyopatikana yanarudi pamoja na msimbo wa kosa, na ukurasa wako unaweza kuandika kwamba orodha haijakamilika. Kwa mtumiaji tofauti hiyo ni kubwa.

Ule wa idassert-bind unasema: yeyote atakayeuliza hapa, hata asiyejitambulisha, swali lake liende nyuma kwa jina la akaunti ya svc-lango. Nao tls_reqcert=demand usiuondoe hata siku moja kwa kisingizio kwamba cheti kinasumbua. Cheti kikisumbua, mara nyingi ni kwamba hukunakili cheti cha mamlaka ya ndani ya chuo, au umeandika anwani ya namba mahali ambapo cheti kina jina. Jaribu kwa `openssl s_client -connect ad1.ofisi.example.org:636` uone kilichomo. Usimbaji huu si hiari: Active Directory iliyokazwa kama Microsoft inavyoshauri hukataa kujitambulisha kwa nywila kwenye njia isiyosimbwa, na utaona kosa namba 8.

Kuficha jibu si kufunga swali

Hapa ndipo naomba usome polepole.

Ukitazama sheria za access hapo juu unaweza kudhani zinatosha, kwa sababu sifa zisizotajwa hazisomeki. Kwenye databesi ya kawaida ya OpenLDAP zingetosha. Kwenye proksi hazitoshi. Mwongozo wa back_ldap na back_meta unasema wazi kwamba moduli hizi haziheshimu maana yote ya sheria za access: kinachokaguliwa kwenye lango ni ruhusa ya kusoma kile kilichorudi. Ruhusa ya kutafuta kwa sifa fulani haikaguliwi hapo. Imeachiwa seva ya nyuma.

Chukulia saraka ya wafanyakazi ina sifa ya employeeID, na wewe umeificha. Mtu anauliza kupitia lango: nipe watu wenye cn (jina kamili) inayoanza na Juma na employeeID inayoanza na 1. Lango linapeleka swali nyuma, seva inajibu, lango linaiondoa employeeID kwenye jibu na kurudisha jina na barua pepe. Lakini muulizaji tayari amejua: Juma amerudi, basi namba yake inaanza na 1. Anauliza tena kwa 10, kwa 11, kwa 12. Skripti ndogo inamaliza namba nzima kwa dakika chache, na hakuna mahali popote ambapo sifa hiyo ilionekana kwenye jibu. Badala ya employeeID weka simu ya nyumbani au tarehe ya kuzaliwa, na tatizo linakuwa la mtu halisi.

Kinga ziko mbili, na uziweke zote.

Ya kwanza ni ile mistari ya map, hasa wa mwisho, `map attribute *`. Unamaanisha kwamba sifa zisizotajwa juu yake hazina ramani. Hazirudi kwenye majibu, na swali linalozitaja halipelekwi nyuma likiwa na sifa hizo. Kipande hicho huhesabiwa kuwa hakimlingani mtu yeyote. Usiniamini kwa maneno. Jaribu mwenyewe ukiwa kwenye kompyuta yenye anwani inayoruhusiwa na sheria za access:

```
ldapsearch -x -H ldap://lango.example.org -b dc=lango,dc=example,dc=org \
  '(&(cn=Juma*)(employeeID=*))' cn
```

Likirudi jina hata moja, lango lako bado liko wazi. Jaribio hili liandike kwenye daftari la kazi na ulirudie kila unaposasisha OpenLDAP.

Ya pili ni akaunti yenyewe kule nyuma. Akaunti ya kawaida ya Active Directory, hata isiyo na cheo chochote, husoma sifa nyingi za watu wengine kwa chaguo-msingi. Kwa hiyo kuiita svc-lango na kuiweka kwenye kikundi kisicho na nguvu hakujaipunguzia macho. Mwombe msimamizi wa kikoa aizuie waziwazi kusoma sifa nyeti kwenye tawi la wafanyakazi, au sifa hizo ziwekewe alama ya siri kwenye skima (maelezo ya sifa za saraka), biti yenye thamani 128 ya searchFlags, iliyopo tangu Windows Server 2003 SP1. Sifa yenye alama hiyo haisomwi kwa ruhusa ya kawaida ya kusoma, nayo haitafutiki kwa asiye na haki hiyo. Zipo sifa za msingi za skima zisizokubali alama hii, na hizo zizuiwe kwa ruhusa za tawi. Upande wa OpenLDAP ya wanafunzi ni rahisi zaidi: sheria za access kwenye seva ile zinaheshimika kikamilifu, zikiwemo za kutafuta, kwa hiyo mpe svc-lango ruhusa kwa cn, sn, givenName na mail tu, kisha funga.

Ikiwa kinga ya pili inakataliwa, kwa mfano msimamizi wa kikoa hataki kugusa ruhusa, rudi unione kwenye sehemu ya nakala hapo chini.

Tabia za Active Directory zitakazokushangaza

Utaona majina ya kompyuta kwenye matokeo. Sababu ni kwamba kwenye Active Directory darasa la computer limerithi kutoka user, hivyo kila kompyuta ni user pia. Dawa ni kuanza kutafuta kwenye tawi lenye watu tu, kama nilivyofanya kwenye suffixmassage. Tawi hilo lisiwe na akaunti za waliokwishaacha kazi. Ungeweza kuwachuja kwa userAccountControl, lakini sifa hiyo hatuitaki kwenye lango. Ni afadhali idara ya mifumo iwe na utaratibu wa kuhamishia akaunti zilizofungwa kwenye tawi lake.

Kuanzia kwenye tawi kunakuepusha pia na kero ya marejeleo. Ukitafuta kutoka kwenye kilele cha kikoa, Active Directory inakurudishia vielekezi vya kwenda kwenye sehemu za DNS za msitu, na mteja anayevifuata hukaa akisubiri seva asizoweza kuzifikia. Watu hulalamika kwamba lango ni zito kumbe linahangaika na vielekezi.

Kikomo cha kurasa nacho: Active Directory hairudishi zaidi ya rekodi 1000 kwa swali moja lisilo na kurasa. Lango lako limewekewa 40, kwa hiyo hutafika huko. Na 40 inatosha. Anayepata majibu arobaini anahitaji kuandika jina refu zaidi, hahitaji ukurasa wa pili.

Ukurasa wa wavuti

Lugha yoyote unayoimudu inafaa, iwe PHP au Python. Sharti moja halina mjadala: maandishi ya mtumiaji yasiingizwe kwenye kichujio yalivyo. Alama za nyota, mabano mawili, mkwaju wa nyuma na herufi tupu (NUL, si nafasi) zina maana maalumu kwenye vichujio vya LDAP, na RFC 4515 inaeleza zibadilishwe vipi: nyota iwe \2a, mabano ya kufungua \28, ya kufunga \29, mkwaju wa nyuma \5c, herufi tupu \00. PHP ina ldap_escape, ukiiambia ni kwa ajili ya kichujio. Python ina escape_filter_chars kwenye maktaba zote mbili maarufu. Bila hiyo, mtu ataandika mabano kwenye kisanduku cha jina na kujitungia swali lake mwenyewe. Kinga za mwanzo zitapunguza madhara, lakini usizipe kazi isiyo yake.

Kisha majina yetu. Programu za kigeni za kutafuta kwenye saraka huchukulia mtu ana jina la kwanza na la ukoo, zikatafuta la pili kwenye sn. Kwetu mtu ana majina matatu, na hakuna makubaliano ni lipi liliingizwa kwenye sn: kwa mmoja ni la babu, kwa mwingine ni la baba, kwa mwingine lote liko kwenye cn na sn ina nukta tu kwa sababu mfumo ulilazimisha ijazwe. Kwa hiyo usitafute kwa sn peke yake. Gawanya maandishi ya mtumiaji kuwa maneno, kisha kila neno litakiwe kuwemo kwenye cn bila kujali mpangilio. Mtu akiandika Ali Juma apatikane aliyeandikwa Juma Hamisi Ali:

```
(&(objectClass=inetOrgPerson)(cn=*ali*)(cn=*juma*))
```

Ritifaa ya ng' ni tatizo jingine. Ng'wandu aliyeingizwa na karani kwa kibodi ya kompyuta ana alama iliyonyooka. Anayetafuta kwa simu, hasa iPhone, anaandika alama iliyopinda, ambayo kwa kompyuta ni herufi tofauti kabisa. Na karani mwingine aliandika Ngwandu bila alama. Suluhisho ni dogo: likatwe neno penye ritifaa ya aina yoyote, kila kipande kisafishwe kwa kazi ya kusafisha vichujio, kisha viunganishwe kwa nyota. Swali linakuwa `(cn=*Ng*wandu*)`, na aliyeandikwa kwa njia yoyote kati ya hizo tatu anapatikana. Fanya hivyohivyo kwa majina yenye kistari cha katikati. Tofauti za Mohamed, Mohammed na Muhammad zinahitaji jedwali dogo la majina unalolijaza mwenyewe kadiri watu wanavyolalamika. Ile alama ya kukaribia ya LDAP, ~=, haitakusaidia hapo: Active Directory huichukua kama usawa wa kawaida.

Weka kima cha chini cha herufi. Faharasa ya vipande ya OpenLDAP kwa chaguo-msingi hujengwa kwa herufi nne kwa vipande vya katikati, hivyo swali la `*an*` halinufaiki nayo na seva italazimika kupekua rekodi moja moja. Mimi ningedai angalau neno moja lenye herufi nne, na mafupi yakubaliwe yakiandamana na refu. Waliozaliwa na majina mafupi kama Ali watapatikana kwa jina la pili. Hakikisha pia seva ya wanafunzi ina faharasa ya eq (ulinganifu kamili) na sub (vipande) kwa cn na mail. Nimeona saraka nyingi za zamani zenye faharasa ya uid tu.

Mbele ya ukurasa weka nginx na kikomo cha maswali kwa kila anwani, swali moja kwa sekunde likiruhusiwa kupanda kidogo kwa muda mfupi. Kinachozuiwa hapa ni mtu kuvuna orodha nzima kwa skripti. Kama kampasi ya pili inakuja ikiwa nyuma ya NAT, lango litaiona kama anwani moja na watu wote watabanwa pamoja. Omba mafundi wa mtandao wapitishe anwani za ndani bila kuzibadilisha.

Ukiamua watumiaji waingie kwa nywila zao kabla ya kutafuta, jihadhari na jambo moja. Kwenye LDAP, kujitambulisha kwa jina halali na nywila tupu si kosa. RFC 4513 inaliita kujitambulisha kusikothibitishwa, na seva inaweza kujibu kwamba umefaulu. OpenLDAP hulikataa kwa chaguo-msingi, lakini Active Directory kwa kawaida hulikubali. Ukurasa unaoangalia neno la kufaulu tu utamwingiza mtu yeyote aliyeacha kisanduku cha nywila wazi. Kataa nywila tupu kwenye msimbo wako kabla hujaipeleka popote.

Printa

Printa nyingi za ofisini ni za zamani na TLS yake, yaani usimbaji wake, imepitwa na wakati; nyingine hazina kabisa. Usishushe kiwango cha usimbaji cha lango zima kwa ajili yake. Zipe VLAN yake, yaani sehemu ya mtandao iliyotengwa, lango lisikilize 389 kwenye upande huo tu, na sheria ya access itaje anwani za VLAN hiyo kama nilivyoonyesha. Data inayopita ni majina na barua pepe ambazo tayari tumekubali zionekane, na printa haitumi nywila yoyote. Kwenye printa, mzizi wa kutafutia uwe ou=wafanyakazi,dc=lango,dc=example,dc=org, jina litafutwe kwa cn, na barua pepe kwa mail. Printa ikikataa kuunganishwa kabisa, huenda inatumia toleo la 2 la LDAP. Mstari wa `allow bind_v2` unaikubali.

Lango likikwama

Washa `loglevel stats` na usome logi ya slapd kabla ya kukisia. Kosa 32 ni kwamba mzizi ulioandikwa haupo, mara nyingi herufi imekosewa kwenye suffixmassage. Kosa 4 ni kikomo cha idadi, na si hitilafu. Kosa 49 likitoka Active Directory huja na msimbo mdogo baada ya neno data: 52e ni nywila mbaya, 525 ni mtumiaji asiyekuwepo, 532 ni nywila iliyoisha muda, 533 ni akaunti iliyozimwa, 775 ni akaunti iliyofungwa kwa kukosea mara nyingi. Misimbo hiyo mitano itakuonyesha haraka kama tatizo ni lako au ni la msimamizi wa kikoa.

Kumbuka logi hiyo inaandika kila kichujio, maana yake inaandika nani alimtafuta nani. Iweke kwa siku chache zinazotosha kutatua matatizo, kisha ifutwe na mfumo.

Labda huhitaji proksi

Nimekujibu ulivyouliza, lakini kwa kitabu cha simu na barua pepe kuna njia nyingine ambayo mara nyingi naipendelea: nakala. Badala ya kupeleka kila swali nyuma, skripti inavuta zile sifa sita kutoka kwenye saraka zote mbili kila saa, inazigeuza kuwa LDIF, muundo wa maandishi wa rekodi za LDAP, na kuzijaza kwenye OpenLDAP ndogo iliyo kwenye lango. Kila kitu kingine nilichoeleza kuhusu ukurasa, majina na printa kinabaki vilevile.

Faida yake ni kwamba swali la mtumiaji haliifikii Active Directory hata kidogo, na employeeID haiwezi kubahatishwa kwa sababu haipo kwenye diski ya lango. Kampasi ya pili ikikatika mtandao, inaendelea kujibiwa kama umeweka nakala huko. Sheria za access zinafanya kazi kikamilifu, zikiwemo za kutafuta, na faharasa unazipanga mwenyewe. Hasara ni kwamba mfanyakazi mpya anaonekana baada ya saa moja, na skripti ikifa kimya unaendelea kuonyesha data ya mwezi uliopita. Kwa hiyo skripti iandike muda wa mafanikio yake ya mwisho, na ukurasa uuonyeshe muda huo chini ya matokeo. Iwekewe pia kinga: ikikuta rekodi zimepungua ghafla kwa zaidi ya sehemu ndogo uliyoiweka, isifute chochote, imwite mtu.

Kipimo changu ni hiki. Msimamizi wa kikoa akikubali kuizuia akaunti ya svc-lango kule nyuma, na uongozi unataka mabadiliko yaonekane papo hapo, jenga proksi. Akikataa, au saa moja ya kuchelewa haimuumizi mtu, jenga nakala. Kwa maelezo uliyonipa sioni sababu ya papo hapo, kwa hiyo ningeanza na nakala kwa wafanyakazi na wanafunzi wote, printa moja ya ofisi yenu ya mifumo ikiwa ya kwanza kuunganishwa, kisha maktaba, kisha zilizobaki.

Kwa njia yoyote utakayochagua, nywila ya svc-lango iwe ndefu, itolewe na programu, na tarehe ya kuibadilisha iandikwe mahali ambapo zaidi ya mtu mmoja anaiona. Ikiisha muda wakati wewe uko likizo, lango litaendelea kujaribu nywila ileile na kukataliwa, na atakayebaki zamu anahitaji kujua kwamba 532 ni nywila iliyoisha muda, na nani wa kumpigia.